Desemba Moshi: mji unajaa, vihamba vinajaa, taka tunazipangia nini? Tuongee kabla mabasi hayajaanza kushusha watu

Mzawa wa Uru aliandika:

Wakuu, shimboni zenu.

Tumeingia Desemba. Tiketi za Moshi zimeanza kugombaniwa, na kwenye magrupu ya familia watu wanaulizana nani anatoa mbuzi, nani anatoa mchele, nani anakodi maturubai. Kuna jambo moja halimo kwenye bajeti ya familia yoyote ninayoijua, nalo ni taka. Naomba tuliongelee mapema, kwa sababu tarehe 24 hakuna atakayesikiliza.

Manispaa yetu ina jina kubwa nchini kwa usafi. Imeshika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya usafi mara nyingi, na mgeni akishuka stendi anaona tofauti kabla hajafika Mnara wa Saa. Lakini magari ya taka, vizimba vya kukusanyia taka na vijana wa mikokoteni vimepangwa kwa hesabu ya wakazi wa kila siku, ambao kwa sensa ya 2022 ni zaidi ya 220,000. Wiki ya Krismasi sote tunajua kinachotokea. Dar inahamia huku, Mwanza inahamia huku, Arusha inashuka, na hata wa Nairobi wanaingia kupitia Holili na Tarakea. Gari la taka ni lile lile, dereva ni yule yule, naye ana Krismasi yake.

Na juu ya mji, kuanzia Uru, Kibosho, Old Moshi hadi Kilema na Marangu, sehemu kubwa gari hilo halifiki kabisa. Huko ndiko tunakokwenda kula.

Hoja yangu ni hii. Kihamba cha mzee, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hakikuwa na taka. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi na ng'ombe waliofungiwa zizini, samadi ikarudi kwenye migomba. Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, yalikuwa chakula cha nguruwe. Majivu yalimwagwa shinani. Jani la mgomba liligeuzwa sahani, likishalala chini linakuwa matandazo ya kahawa. Hata leo mfumo huo upo na unafanya kazi kila siku ambayo sisi hatupo. Kinachouvuruga ni vile tunavyopanda navyo kwenye gari: katoni za maji na soda za plastiki, sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, pampasi, vifungashio vya zawadi. Kihamba hakina mahali pa kuviweka, kwa hiyo vinaishia kwenye korongo, kwenye mfongo (mfereji wetu wa asili wa maji) au kwenye shimo linalochomwa moto usiku.

Kwa hiyo napendekeza kila familia ikubaliane mambo mawili kabla ya kusafiri. Kwanza, kisichooza kipunguzwe kuanzia kwenye manunuzi. Pili, kile kilicholazimika kupanda kiwekwe kwenye gunia lake, kiteremke mjini na gari lile lile lililokipandisha. Kinachooza kibaki kwa bibi, yeye anajua cha kukifanya kuliko sisi.

Karibuni. Walioko Moshi mwaka mzima tunawahitaji zaidi kwenye uzi huu.

---

Abiria wa Dar aliandika:

Mkuu, nakuheshimu, ila naona unatubebesha mzigo usio wetu. Mtu anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, amebana matumizi tangu Januari, anataka akae na wazazi apumzike. Baa, hoteli na kumbi za sherehe nazo zinatoa taka nyingi, na wote hao wanalipa ada na kodi. Halmashauri inajua Desemba ipo kila mwaka. Kwa nini isiongeze magari kwa wiki mbili?

---

Mzawa wa Uru aliandika:

Ndugu yangu, hilo la kuongeza mizunguko ya magari nakuunga mkono, na wenyeviti wa mitaa wanapaswa kulipeleka kwa mtendaji wa kata mapema. Hata hivyo gari likiongezwa litaongezwa mjini: Soweto, Majengo, Pasua, Shanty Town. Halitapanda Uru Shimbwe kuchukua kikombe cha plastiki nyuma ya zizi. Huko ni kwetu, na mwenye kihamba ni mama ambaye Januari atabaki peke yake na shimo limejaa. Halmashauri ibebe yake, na sisi tuna yetu hapo.

---

Toroli la Majengo aliandika:

Habari za leo wakuu. Mimi nafanya hii kazi ya kuzoa, nasukuma toroli mitaa ya Majengo na Njoro, kwa hiyo naomba niseme ninachokiona kwa macho.

Asubuhi ya tarehe 26 mfuko wa taka wa nyumba moja unabeba uzito ambao siku za kawaida unatoka nyumba kadhaa. Ukiufungua ndani kuna ubwabwa, mifupa, mchuzi, maganda ya ndizi, chupa za plastiki, vipande vya chupa ya kioo, na pampasi, vyote vimekorogwa pamoja. Ule mchuzi ndio unaoharibu kila kitu. Chupa ya plastiki ikiwa kavu ni hela yangu, naipeleka kwa mnunuzi anaipima kwa kilo. Ikishalowa mafuta ya nyama na kuingia mchanga, mnunuzi anaikataa, basi inakwenda dampo Kaloleni pamoja na mengine. Na ile chupa iliyopasuka imenikata mkono mara nyingi kwa sababu haionekani ndani ya wali.

Naomba vitu vichache tu. Vya kuoza weka kwenye ndoo au kiroba chake. Chupa na makopo yawe peke yake, mwaga kilichobaki ndani, kanyaga chupa ipungue. Kioo kilichovunjika funga kwenye boksi au gazeti uniambie. Pampasi fungeni kwenye mfuko wake, msizichanganye na kitu kingine.

Na jambo la mwisho, msitoe taka nje usiku wa tarehe 25. Mbwa wanapasua, kunguru wanamalizia, asubuhi nakuta mtaa mzima umetandazwa. Wekeni ndani ya geti hadi siku ya kupita. Tukikuta mtaro umezibwa na taka huku mvua ya vuli bado inanyesha, maji yanaingia kwa jirani wa chini, sio kwenu.

---

Muuguzi wa Soweto aliandika:

Toroli la Majengo, Mungu akubariki kwa kusema hilo la kioo na pampasi. Kinyesi cha mtoto ni kinyesi, kinabeba magonjwa ya kuhara sawasawa na cha mtu mzima. Kwanza mimina chooni kilichomo ndani ya pampasi, ndipo uifunge. Na walio na watoto wadogo, mkifika kijijini tumieni nepi za kitambaa mchana, mtoto akiwa anacheza uani. Maji ya kufulia nepi mwageni kwenye shimo la choo. Bibi yake alimlea baba yake kwa nepi hizo hizo.

Kingine, wakuu, mkipata nafasi nunueni glavu za mpira na buti mumpe kijana wa taka wa mtaa wenu kama zawadi ya sikukuu. Wengi wao wanazoa kwa mikono mitupu.

---

Dada wa Mbuyuni aliandika:

Mimi nauza nyanya, karoti na hoho soko la Mbuyuni. Nimesoma nikasema niongeze la kwetu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli mwanzoni kila mtu alitembea na kapu. Halafu vikaingia vile vifuko vyepesi vya kufungia, navyo mwaka 2021 vikakatazwa kutumika kubebea. Sasa tunauza hii mifuko mbadala. Watu wanadhani ni kitambaa, lakini nayo ni aina ya plastiki, haiozi shambani. Desemba mteja wa kutoka Dar ananunua nyanya anataka mfuko, anakwenda kwa vitunguu anataka mwingine, ndizi mwingine, mchele mwingine. Anaondoka na mifuko mingi kuliko vidole vya mikono, kesho anarudi hana hata mmoja.

Ndugu zetu, kapu la ukili linauzwa hapa hapa sokoni, linabeba kilo nyingi na linakaa miaka. Mkiwa na gari ni rahisi zaidi, wekeni kapu mbili na ndoo moja ya nyama kwenye buti. Mwenye bucha atakuwekea nyama kwenye ndoo yako yenye mfuniko bila tatizo, ukimwambia kabla hajafunga. Sisi wauzaji hatupati faida ya maana kwenye mfuko, tunamtafutia mteja kwa sababu tunaogopa atahamia meza ya jirani.

---

Mama wa Kibosho aliandika:

Wanangu, nimefurahi kuona vijana mnaongea haya.

Sisi huku tuna kikundi cha akina mama, kilianza kama cha kuweka na kukopa. Fedha za mwanzo tulinunua sufuria kubwa na majiko. Baadaye tukanunua sahani za melamini, vijiko vya chuma, bilauri na majagi. Mwenye shughuli anakodi kwa sahani moja moja, akivunja au akipoteza analipa. Harusi, ubatizo, kipaimara, misiba, vyote vyombo vinatoka kwetu. Ajabu ni kwamba Desemba, mwezi wenye shughuli nyingi kuliko yote, vyombo vinakaa stoo kwa sababu watoto wa mjini wanakuja na katoni za sahani nyeupe zile nyepesi kama pamba. Wanasema hawataki mama zao wachoke kuosha.

Nawaelewa, wana huruma. Lakini nisikilizeni. Ile sahani nyeupe haiozi wala haina mnunuzi. Upepo unaipeleka kwenye kahawa, mbuzi anatafuna vipande vyake, na mimi nimeshashuhudia mbuzi mzuri amekufa, alipopasuliwa tumbo limejaa mifuko na takataka hizo. Kama mnaona huruma, kodini vyombo kwa mama zenu, kisha walipeni vijana wawili wa jirani waoshe. Hela inabaki kijijini, mama anapumzika, na uwanja unabaki safi.

Na kwa nyama choma, ndizi za kuchoma na kiburu, jani la mgomba linatosha. Lipitishe juu ya moto kidogo lilainike, halitapasuka. Wakimaliza kula, jani na mabaki vinakwenda zizini kwa pamoja.

Mbege nayo, wazee wanataka kata, kile kibuyu cha kunywea. Si lazima kikombe cha plastiki. Kata moja inazunguka kwa heshima yake; kwa wanaoogopa kuchangia, kila mtu na bilauri yake.

---

Mpunga Mabogini aliandika:

Mama shikamoo. Naunga mkono vyombo, ila nina ombi kutoka huku bondeni.

Sisi tunalima mpunga Lower Moshi. Maji yetu ni ya mto Rau na chemchemi za Njoro. Kila kinachoingia kwenye mto huko juu kinapita Msitu wa Rau kinatufikia. Januari tunapozibua milango ya mifereji tunatoa chupa za maji, sahani hizo nyeupe na pampasi zilizovimba maji hadi kuwa nzito kama jiwe. Pampasi moja ikikaa kwenye mdomo wa mfereji mdogo, jaruba zima la jirani linakosa maji, na hapo ugomvi unaanza baina ya watu ambao hawakuila hata hiyo sherehe.

Kwa hiyo mkiosha vyombo msioshee kwenye mfongo. Sabuni na mafuta yote yanateremka.

---

Mama wa Kibosho aliandika:

Marahaba mwanangu. Umesema haki kabisa. Mfongo tangu zamani ulikuwa na sheria zake na zamu zake, na aliyeuchafua alitozwa na wazee.

Sisi tunaosha hivi: mabaki yanakwanguliwa kwanza kwenye ndoo ya nguruwe. Halafu beseni tatu, la kwanza maji ya moto na sabuni kidogo, la pili la kusuuza, la tatu la kumalizia. Maji yakichafuka yanamwagwa kwenye migomba ya mbali na mfongo, si kwenye shina moja kila siku. Ukikwangua vizuri kabla, maji yanayotumika ni machache sana. Wanaotumia maji mengi ni wale wanaoosha na mchuzi wake.

---

Mjomba Rombo aliandika:

Kwetu Rombo ukanda wa chini suala la beseni tatu ni gumu, maji yananunuliwa kwa dumu. Kwa hiyo sisi ni majani ya mgomba mbele, na migomba yenyewe inabidi majani tuyafuate kwa ndugu wa juu.

Ila nataka kuongelea kuchoma. Watu wengi wanaona ukichoma taka umemaliza. Jioni ya sikukuu kila boma linafuka, watoto wamekaa hapo hapo wanakula, na ule moshi mweusi wa plastiki ni sumu. Baba yangu mdogo ana pumu, kila Krismasi kuanzia saa moja usiku anafungiwa ndani madirisha yote yamezibwa, ilhali wajukuu ambao hajawaona mwaka mzima wako nje. Mwaka jana niliomba familia ichome makaratasi na maboksi tu, chupa ziwekwe kwenye kiroba. Zikajaa viroba, tukaviteremsha na gari hadi mjini. Haikuhitaji mkutano mkubwa, ilihitaji mtu mmoja wa kusimama pale kwenye shimo na kusema hapana kwa upole. Baba mdogo alikaa nje hadi usiku.

---

Abiria wa Dar aliandika:

Hilo la mzee mwenye pumu limenigusa. Naomba kuuliza kuhusu vinywaji, maana ndilo fungu letu kubwa. Mbadala wa katoni za plastiki ni nini kwa watu sitini?

---

Mzawa wa Uru aliandika:

Kreti, ndugu. Soda za chupa za kioo na bia zinauzwa kwa mtindo wa kurudisha chupa. Unaweka amana ya kreti na chupa kwenye duka la jumla, ukimaliza unarudisha unapewa hela yako. Chupa inaoshwa kiwandani inajazwa tena. Hakuna mfumo wa kuzuia taka unaofanya kazi vizuri Tanzania kuliko huu, kwa sababu chupa tupu ni fedha, kila mtu anaiokota. Mwenye duka uwekeane naye oda mapema, kwenye tarehe 20 huko kreti zinakuwa adimu. Na umteue kijana mmoja wa familia awe wa kuhesabu chupa.

Maji ya kunywa chemsheni, yapozwe usiku, yaingizwe kwenye ndoo zenye koki. Kwa wazee na wagonjwa wanaohitaji ya dukani, chukueni madumu makubwa badala ya vichupa vidogo.

---

Mchinjaji Kiboriloni aliandika:

Wakuu, mmeongelea sahani, mmeacha machinjo. Wiki hiyo mbuzi wanachinjwa uani kuliko machinjioni.

Samadi ya tumboni ikizikwa au ikichanganywa na majani makavu inakuwa mbolea nzuri sana, ila watu wanaimwaga korongoni inaoza na kuleta nzi. Damu, wenye kisusio, ile supu ya damu, wanaijua kazi yake. Mifupa ichimbiwe shimo la kina, mbwa wasiifikie. Na ngozi, jamani. Zamani ngozi ilikuwa mali, leo unaikuta imetupwa kwenye mtaro, ilhali mji wetu una kiwanda cha bidhaa za ngozi pale Karanga na wanunuzi wa ngozi mbichi wapo. Tatizo ni uchunaji. Mtu anachuna kwa kisu kikali cha jikoni anaitoboa kila mahali. Chunia kisu cha ncha butu, sehemu kubwa vuta kwa ngumi, ipake chumvi upande wa nyama siku ile ile, itandaze kivulini. Mchinjaji mnayemwita ana mtu wa kumpelekea, muulizeni kabla. Na mwiteni mkaguzi wa nyama, hilo ni la afya zenu wenyewe.

---

Bwana Miche aliandika:

Naomba nafasi, nina kitalu cha miche na kila Desemba napata wateja wa aina moja. Familia inakuja, inachukua miche thelathini, inapanda tarehe 27, inapiga picha, tarehe 2 inaondoka. Nia ni njema kabisa. Lakini vuli inakatika, Januari na Februari ni jua kali na upepo, mche wa wiki mbili hauna mizizi, na pale nyumbani yupo bibi mwenye goti bovu. Nani atamwagilia miche thelathini? Ikifika Machi imebaki vijiti.

Ushauri wangu kwa wanaopenda kupanda: Desemba chimbeni mashimo, jazeni samadi hiyo ya mbuzi wa sikukuu na majani, acheni vioze. Lipieni miche na mumlipe kijana wa jirani apande mvua za masika zikishika, Machi mwishoni au Aprili. Picha atawatumia yeye. Mkitaka kupanda siku hiyo hiyo pamoja na watoto, pandeni michache, mmoja kwa kila kaya, karibu na bomba au jikoni, kisha mtandaze majani shinani. Na kile kiriba cheusi cha plastiki kitolewe kabla ya kupanda. Nakuta miche imefukiwa na viriba vyake, mizizi imejikunja ndani imekufa.

Pandeni mringaringa na mruka, hiyo ndiyo miti ya kivuli cha kahawa tangu enzi za wazee. Parachichi lina hela. Mikaratusi kaeni nayo mbali na chemchemi.

Halafu msesewe. Hili nalisema kwa uchungu. Gome lake ndilo linaloipa mbege ule ukali wake, na Desemba mbege inapikwa kila boma. Watu wanateremka mtoni na panga wanauchuna msesewe kuzunguka shina lote. Mti uliochunwa mzunguko mzima haupitishi chakula kwenda mizizini, lazima ufe. Na ndio mti unaoshika kingo za mito yetu. Chukueni gome upande mmoja, ukanda mwembamba, kwenye mti mkubwa, na uachwe upone kabla ya kurudiwa. Aliye na boma la mbege apande msesewe wake kwenye kingo za kihamba. Miche ninayo, na wenye vitalu wenzangu wanayo, lakini hakuna anayeiulizia. Wote wanauliza mti wa Krismasi.

Na kwa mti wa Krismasi wenyewe, tawi moja la msaipresi linatosha sebule nzima. Msikate mti mzima wa shule au wa kanisa kwa siku tatu za mapambo.

---

Mwalimu Mstaafu aliandika:

Vijana wangu, nimesoma yote kwa makini. Bwana Miche, la msesewe ulipeleke kwa wazee wa mitaa, litasikilizwa.

Niwakumbushe kitu. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru hazikufanyika uwanjani, nchi nzima ilishika mifagio. Baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuwa ya usafi. Wengi mliopo Dar mnaijua. Sasa Jumamosi ya mwisho ya Desemba inaangukia Krismasi yenyewe au siku chache baada yake, wakati mji na vijiji vimejaa nguvu kazi ambayo mwezi mwingine haipo. Vijana wenye afya, wenye magari ya kubeba, wenye fedha ya kununua reki na glavu. Kwa nini siku hiyo watu wawe wamelala?

Napendekeza kila kitongoji kitenge muda wa saa mbili, asubuhi. Si kufagia mbele ya nyumba yako tu. Kuzibua mtaro, kusafisha mfongo kuanzia banio, pale maji yanapoingilia, hadi mwisho wa zamu, kukusanya plastiki korongoni. Kusafisha mfongo kwa pamoja ni desturi yetu, aliyekosa alilipa. Wanaorudi Desemba wanakunywa maji hayo hayo.

Matangazo yapitie kanisani na msikitini. Jumapili ya kabla ya Krismasi makanisa yanajaa hadi nje, tangazo la dakika moja linafika kuliko gari la matangazo. Jumuiya zikishalibeba, limekwenda. Nimeshamwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Old Moshi, amekubali kulisoma.

---

Pasua Chini aliandika:

Mwalimu shikamoo. Kwa sisi wa mjini tusio na kihamba, nguruwe wala migomba, vya kuoza tunavipeleka wapi? Huku tuna vyumba vya kupanga, ua wenyewe wa saruji.

---

Toroli la Majengo aliandika:

Pasua Chini, kuna wafugaji wa nguruwe na kuku pembezoni mwa mji wanachukua mabaki ya jikoni, wengine wanafuga funza wa kulisha kuku kwa mabaki hayo. Sharti lao ni moja, yasiwe na plastiki, vijiti vya meno wala kioo. Kama nyumba zenu za kupanga zinaweza kuchangia pipa moja lenye mfuniko kwa ajili ya mabaki tu, nitakuunganisha na kijana mwenzangu anayepita Pasua na guta. Atalichukua kila siku wiki ile, mumpe chochote cha soda.

---

Abiria wa Dar aliandika:

Wakuu, nimeongea na ndugu zangu jana usiku. Tumekubaliana hivi: kreti badala ya katoni, vyombo vya kukodi, na kila gari linalopanda libebe gunia mbili tupu na glavu. Dada yangu amekubali kuja na nepi za kitambaa. Mama alipopigiwa simu akasema tuongeze na fedha ya vijana wa kuosha, tena tumtafutie wa kuzibua mfongo kwa sababu yeye hawezi tena.

Mama wa Kibosho, sisi ni wa Kibosho Kirima, tunahitaji sahani sabini tarehe 25 na 26. Vyombo vyenu bado vipo?

---

Mama wa Kibosho aliandika:

Vipo mwanangu, lakini tarehe 26 zimebaki arobaini tu, kuna ubatizo umeshaweka oda. Nitaulizia kikundi cha wenzetu wa Umbwe wanijazie thelathini. Leteni mtu kuzichukua tarehe 24 kabla ya saa nane, mchana ule barabara inajaa magari. Zirudi zimeoshwa na kukaushwa, na vijiko vihesabiwe mbele yenu.

---

Toroli la Majengo aliandika:

Abiria, hayo magunia ya chupa msiyaache stendi wala kwenye kizimba. Mkifika mjini niandikieni ujumbe humu pembeni, nitayafuata na toroli popote mlipo, hata tarehe 2 asubuhi kabla ya safari. Yawe makavu tu.